Video ya Kamera Yako Inalala Wapi? Jinsi ya Kuchagua Habu ya Usalama ya Keja Nairobi

Ukiingia Luthuli Avenue leo useme unatafuta kamera za keja, muuzaji atakuuliza maswali mawili: unataka ngapi, na uko na doo ngapi. Atakuonyesha picha kwa skrini kubwa, atazungusha kamera kwa simu, halafu atafunika taa ndio uone vile inacheki gizani. Yote iko fiti. Lakini kuna swali moja ni nadra umsikie akiuliza, na hilo ndilo litaamua kama pesa yako imefanya kazi: kamera ikishaona mwizi, video inaenda kulala wapi?

Kamera ni jicho tu. Kumbukumbu iko pahali pengine. Inaweza kuwa kwa memori kadi ndani ya kamera yenyewe, kwa kompyuta za kampuni huko ng'ambo (ndio wanaita klaudi), kwa rekoda kubwa yenye diski, ama kwa habu, yaani kale kaboksi kanakaa ndani ya nyumba na kukusanya video za kamera zako zote. Hapa tunaongea sana kuhusu hako kaboksi, juu kwa mtu wa kupanga Kawangware, Kangemi, Uthiru ama Kileleshwa, mara nyingi ndiko kanaleta maana. Chagua kwanza pahali video italala. Kamera zitafuata.

Klaudi pekee itakuangusha siku mbaya

Klaudi ina uzuri wake. Wakora wakibeba kila kitu mpaka kamera, video bado iko. Shida ni kwamba inategemea vitu vitatu ambavyo hapa kwetu havina guarantii: stima, intaneti na wewe kulipa kila mwezi bila kusahau.

Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikaa giza masaa mengi, mpaka uwanja wa ndege wa JKIA ukapatikana bila taa. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutembea kama kobe. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walijaa tao kupinga Mswada wa Fedha, NetBlocks waliripoti kwamba intaneti ya Kenya imevurugika. Fikiria mwenye duka pale Moi Avenue. Siku kama hiyo ndio anataka kamera irekodi kuliko siku ingine yoyote, na ndio siku kamera ya klaudi inaweza kubaki ikizungusha kale kaduara ka kusubiri.

Kuna pia hesabu ya bando. Kamera moja ikituma video ya megabiti 2 kwa sekunde mchana na usiku, hiyo ni karibu GB 21.6 kwa siku. Kwa mwezi ni GB 648. Kamera moja! Weka nne uone vile faiba ya nyumba itaanza kulia, na kama unatumia bando ya simu hata usijaribu. Ndio maana kamera nyingi za klaudi hutuma vipande vifupi pekee, na ndio maana mara nyingine mwizi anaonekana mgongo tu akitoka.

Halafu kuna swala la nani mwingine anacheki. Februari 2024, kampuni ya Wyze ya Marekani ilikubali kwamba baada ya mitambo kuzima na kurudi, watumiaji kama 13,000 walionyeshwa picha za kamera ambazo si zao. Mtu alifungua programu akaona sebule ya mtu mwingine. Kama kamera yako inaangalia kitanda cha mtoto, hiyo stori haichekeshi.

Lakini habu nayo si dawa ya kila kitu

Wauzaji watakuambia "hii haiendi klaudi kabisa, kila kitu kiko ndani". Usimeze hivyo hivyo. Mwisho wa 2022, Eufy, brandi ya kampuni ya Anker, ilipatikana pabaya: walikuwa wanauza habu kwa ahadi kwamba video inabaki nyumbani, mtafiti mmoja wa usalama akaonyesha picha ndogo ndogo zikitumwa klaudi ili zitokee kwa arifa za simu. Baadaye kampuni ikakubali kwamba hata video ya moja kwa moja kupitia tovuti yao haikuwa imefungwa vile walikuwa wamesema. Walirekebisha. Funzo lilibaki: "ya ndani" ni neno la tangazo mpaka uichomoe intaneti ujionee.

Na kuna udhaifu mkubwa zaidi, ambao Nairobi tuliuona kwa njia ya uchungu. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alifariki akiwa mikononi mwa polisi kwa kituo cha Central, hapo hapo tao. IPOA, mamlaka ya kuchunguza polisi, iliwaambia maseneta kwamba mfumo wa CCTV wa kituo ulikuwa umechezewa. Mambo ya nani alifanya nini yako mbele ya korti, na hatutayaamua hapa. Lakini kitu kimoja kiko wazi kwa kila mtu anayenunua kamera: video yote ikiwa kwa boksi moja, mwenye kufikia hilo boksi ndiye anaamua kilichotokea. Kwa keja yako huyo mtu anaweza kuwa mwizi, fundi, keateka, ama binamu aliyekuja kukaa wiki mbili.

So unapochagua habu unauliza mambo manne: inabeba kiasi gani, inaendelea kurekodi intaneti na stima zikienda, nani ana funguo, na kopi ya pili iko wapi. Rangi na umbo achana nayo.

Aina za kuhifadhi, na nani anafaa nini

Rahisi kabisa ni memori kadi ndani ya kamera. Zile kamera za umbo la balbu zinazouzwa kila kona ya tao, nyingi zikitumia programu ya V380, ziko hivyo. Kwa bedsita ya chumba kimoja inaweza kutosha. Ubaya wake unajionyesha wenyewe: mwizi akinyofoa kamera ameenda na ushahidi. Tena kadi nyingi hazijafungwa kwa siri yoyote, unaichomeka kwa laptop na kuona maisha ya mwenye nyumba yote.

Upande ule mwingine kuna rekoda, DVR na NVR, za Hikvision, Dahua na wenzao. Hizi ndizo fundi wa Luthuli anazijua akiwa amefunga macho. DVR inachukua kamera za waya za zamani, NVR inachukua kamera za mtandao. Zinarekodi masaa 24, zinabeba diski kubwa, na kamera za waya haziangushwi na waifai dhaifu. Kama una bangalo Lavington, duka tao, ama ploti ya nyumba ishirini Kinoo yenye geti na parking, wacha mchezo, chukua rekoda. Habu ndogo itakuchosha.

Habu iko katikati. Imetengenezewa mtu asiyetaka ama asiyeruhusiwa kutoboa ukuta. Kamera zinakuja na betri ama zinachomekwa kwa soketi, zinaongea na habu bila waya, na habu inaweka video. Ukihama, na Nairobi watu wanahama, unachomoa kila kitu unaweka kwa kibegi unaenda nacho. Landilodi hana la kusema kuhusu mashimo.

Kwa majina: Eufy wana HomeBase 2 yenye GB 16 za ndani, na HomeBase 3 ambayo pia inaanza na GB 16 lakini ina nafasi ya kuongeza diski mpaka TB 16. TP-Link kwa laini yao ya Tapo wana H200, inayotumia memori kadi mpaka GB 512 na imelenga sana kamera zao za betri. Ukiletewa Blink na mtu wako wa Marekani, jua kwamba kuhifadhi kwa ndani kunawezekana ukiwa na Sync Module 2 na flashi ya USB unayonunua mwenyewe, mpaka GB 256. Ring ndio nashauri usiletewe. Kwa kawaida, kurudi kuangalia video zilizopita lazima uwe umelipia kila mwezi, na binamu akichoka kulipa umebaki na kengele ya mlango ya bei ghali.

Jambo moja kabla hujatoa doo: habu huwa haziingiliani. Kamera ya Tapo haitaongea na HomeBase, na ya Eufy haitaongea na H200. Ukinunua habu umeoa familia nzima. Ukitaka uhuru wa kuchanganya brandi, ulizia kamera na rekoda zenye ONVIF, lugha ambayo vifaa vingi vya waya vinaielewa. Zile za betri mara nyingi hazina.

Na elewa kamera ya betri inavyofanya kazi. Inalala. Kitu chenye joto kikipita ndio inaamka na kuanza kurekodi, na ile sekunde moja ama mbili ya kuamka inaweza kuwa ndio uso wa jamaa. Kwa mlango wa ghorofa ambapo mtu lazima asimame, si shida. Kwa geti la barabarani ambapo boda inapita ikinyakua kitu, kamera ya betri itakupa picha ya vumbi.

GB ngapi zinatosha

Hapa watu wanapigwa sana, ama kwa kununua kidogo, ama kwa kununua kubwa bila haja. Chukua kalamu.

Tuseme video ni ya megabiti 2 kwa sekunde, ambayo ni kawaida kwa picha safi. Dakika moja ni kama MB 15. Kwa kamera za habu zinazorekodi tukio pekee, tuseme kwa siku zinaamka mara 60 na kila mara zinarekodi sekunde 30. Hiyo ni nusu saa ya video, MB 450 kwa siku. GB 16 itakupeleka karibu siku 35 kabla ianze kufuta za zamani. GB 64 ni zaidi ya miezi minne. Kwa keja ya kawaida huhitaji diski ya TB 4 hapo, usidanganywe.

Sasa rekoda ya masaa 24. Kamera nne kwa kiwango hicho zinakula GB 86 na kitu kwa siku. Diski ya TB 1 inashika siku kumi na moja hivi. Ukiwa na rekoda na kamera za H.265, ambazo zinabana video zaidi, unaweza kushuka mpaka nusu ya hiyo bila macho kugundua, na siku zinakuwa kama ishirini na tatu.

Siku ngapi ni poa? Nafikiri mbili tatu ni kidogo mno. Mtu anaenda ocha kwa wiki mbili za Krismasi, anarudi anakuta mlango umefunguliwa, na kumbe walikuja siku ya pili baada yake kusafiri. Lenga angalau siku 21. Duka la tao lenye wafanyakazi lenga mwezi mzima, juu pesa ikipotea kwa kaunta hugundulika mwisho wa mwezi wakati wa hesabu.

Kamera inayoangalia barabara yenye matatu za 46 zikipita itaamka kila dakika, ijaze habu na kumaliza betri kwa siku chache. Hiyo hesabu yote ya juu inavunjika. Chora eneo la kuangalia kwa programu, ukate barabara, ubakishe mlango.

Diski feki na kadi za miujiza

Memori kadi ya GB 512 ikiuzwa kwa bei ya chai na mandazi, si GB 512. Wanabadilisha ndani ili ijitangaze kubwa, lakini ikifika ujazo wake wa kweli inaanza kuandika juu ya zile za zamani ama inaharibu faili. Huwezi kujua mpaka siku unatafuta video ya mwizi na kupata faili haifunguki. Kabla hujaiweka kwa habu, ijaribu kwa kompyuta: H2testw kwa Windows, F3 kwa Mac na Linux. Zinajaza kadi yote na kuisoma tena. Inachukua masaa. Iache usiku ifanye.

Ulizia pia kadi za kazi ngumu, zile zimeandikwa Endurance, kama za SanDisk na Samsung. Kadi ya kawaida ya simu imetengenezewa picha za birthday, haijatengenezewa kuandikwa na kufutwa kila siku. Kwa rekoda vilevile, diski za WD Purple na Seagate SkyHawk zimejengwa kwa kazi ya kamera. Diski iliyotolewa kwa kompyuta mzee ya ofisi itafanya kazi miezi michache, halafu inyamaze bila kukuambia. Muuzaji akisema "ni ile ile tu", mwambie basi akupe risiti yenye warranti ya miaka. Utaona akianza kutafuta ile ingine kwa droo.

Stima ikienda

Kamera ya betri itabaki hai, lakini habu na raota zitazima, na video haina pa kwenda. Hapa ndipo zile UPS ndogo za raota zinafaa, zile za mfano wa pawabanki zenye pini za kuingiza kwa raota. Angalia moja yenye njia ya volti 12 ya raota na ya volti 5 ama USB ya habu, lakini kwanza soma nyuma ya habu inahitaji ngapi. Ukichomeka 12 kwa kifaa cha 5, umechoma.

Usidanganywe na namba za mAh. UPS iliyoandikwa 8800 mAh huwa inahesabu betri za ndani za volti 3.7, kwa hivyo nguvu yake halisi ni kama watt-saa 32, na ukitoa inayopotea njiani unabaki na 27 hivi. Raota ikila wati 8 na habu wati 5, una masaa mawili. Kwa stima kupotea jioni moja Riruta, sawa. Kwa siku kama ile ya Agosti 2023, hapana, utahitaji betri kubwa zaidi.

Sasa swali la kuuliza muuzaji, na usiondoke bila jibu: intaneti ikikatika lakini stima iko, habu inaendelea kurekodi? Nyingine zinatengeneza waifai yao na kamera, kwa hivyo haziwezi kujali. Nyingine zinategemea raota yako. Njia ya kujua ni kuchomoa waya wa faiba hapo hapo mbele yake, upite mbele ya kamera, urudishe waya, ucheki kama ile video iko. Dakika tano. Asipokubali ujaribu, maduka Luthuli ni mengi.

Na kama kifaa kimetoka Marekani, soma adapta kabla ya kuchomeka. Nyingi huandikwa 100–240V na ziko sawa na stima yetu ya 240, unahitaji tu kichwa cha pini tatu. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiguse soketi.

Uifiche wapi

Wakora wa nyumba wana mpangilio: TV, laptop, dekoda, na chochote kiko karibu na TV kinachowaka taa. Watu wengi huweka habu pale pale. Unawapakia mzigo.

Weka juu ya kabati, nyuma ya vitabu, kwa dari kama una njia ya kufika, ama ndani ya kabati la mbao la chumba cha ndani. Usiweke kwa kabati la chuma, mawimbi yatafia humo. Usiifunike na nguo pia, inahitaji hewa. Nyumba nyingi za huku magharibi zimejengwa kwa mawe mazito ya machimbo, na kuta mbili za hayo mawe zinamaliza waifai kabisa. Kwa nyumba za mabati ni noma zaidi. Kwa hivyo kabla hujaficha, fungua programu usome nguvu ya mawimbi ya kila kamera habu ikiwa pale unataka kuiweka. Bora ifichwe katikati ya nyumba kuliko ifichwe vizuri sana mwisho wa korido na kamera ya geti iwe inapotea kila saa.

Kopi ya pili si anasa. Kuna kamera zinakubali memori kadi ndani na bado zinatuma kwa habu. Nunua hizo kama bajeti inaruhusu: akibeba habu, kadi iko, na akinyofoa kamera, habu iko. La sivyo, washa arifa zenye picha ziingie kwa simu yako, na uweke simu ya pili ya mtu unayemwamini. Picha moja ya uso iliyofika kwa simu ya siz kabla mwizi hajafika kwa habu inaweza kutosha.

Fundi, pasiwadi na nani mwenye mali

Hii sehemu usiiruke. Mafundi wengi ni watu poa na wanajua kazi. Lakini njia rahisi kwao ni kusajili kifaa kwa imeili yao wenyewe ili wamalize haraka, halafu wanakupa wewe "share". Maana yake ni kwamba kwa macho ya kampuni, mwenye kamera za chumba chako ni fundi. Anaweza kukutoa. Anaweza kuangalia. Na siku mtakosana kuhusu balansi, huwezi hata kuisajili upya bila yeye kuachilia.

Fungua akaunti mwenyewe, kwa imeili yako, ukiwa umeshika simu yako, kabla ya fundi kupanda ngazi. Weka uthibitisho wa hatua mbili. Yeye ndiye apewe "share" wakati anafanya kazi, na jioni umwondoe. Wapangaji wenzangu, hii inahusu pia kamera ya korido ya ploti: uliza keateka akaunti iko kwa jina la nani.

Badilisha pasiwadi ya kiwanda. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilikusanya mamia ya maelfu ya vifaa duniani, wengi wao kamera na rekoda, kwa kujaribu orodha fupi ya pasiwadi za kiwanda. Hakikuhitaji ujanja mwingine. Na ukiona habu ama rekoda ina sasisho la programu, liweke. Mwaka 2021 Hikvision walitoa sasisho la shimo lililomruhusu mtu kuingia bila pasiwadi kabisa, na mtu ambaye hakusasisha yuko wazi mpaka leo.

Sheria inakucheki pia

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikusumbui kwa matumizi ya kinyumbani tu. Lakini kamera ikielekea dirisha la jirani ama mlango wake, unaanza kutoka kwa hayo mambo ya kinyumbani, na Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa jirani haki yake ya faragha. Igeuze ikae kwa mlango wako. Kama una dada wa kazi, mwambie kamera ziko wapi, na usiweke kwa chumba anacholala wala bafu. Hiyo hata haihitaji sheria.

Kwa duka ama landilodi mambo ni tofauti. Kanuni za usajili za 2021 zinasamehe biashara zenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, lakini zina orodha ya wasiosamehewa hata wakiwa wadogo, na kuendesha CCTV ya usalama iko humo. So kale kastoli ka simu tao kenye kamera mbili kanafaa kusajiliwa na Ofisi ya Kamishna wa Data, na kuweka tangazo kwamba hapa kuna kamera.

Siku imetokea

Kwanza, zuia habu isifute. Tafuta tukio kwa programu, ulifunge ama ulipakue, na kama unaweza chomoa kadi ama diski uiweke kando, uweke ingine. Pakua faili asili. Kurekodi skrini na simu nyingine ni sawa kwa kutuma kwa grupu ya mtaa, lakini kwa kesi ni dhaifu. Usikate, usiongeze muziki, usiandike "MWIZI HUYU HAPA" juu yake.

Nenda kituoni upige ripoti upewe namba ya OB, na upeleke kopi kwa flashi. Usitoe ya asili bila kuandikiwa kwamba imepokelewa. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti cha mtu anayehusika na kifaa, kinachoeleza ilitolewaje na kwa kifaa gani. Kwa habu ya nyumbani huyo mtu ni wewe, ama fundi aliyeitoa mbele yako, kwa hivyo andika siku hiyo hiyo: nani alitoa, saa ngapi, kutoka kwa habu gani, namba yake ya siri ya kiwanda. Ukingoja miezi sita utakuwa umesahau.

Na saa ya kifaa? Vifaa vingi vinatoka Uchina vikiwa kwa saa ya huko, GMT+8. Sisi tuko GMT+3. Mwizi aliyeingia saa nane usiku atatokea kwa video akiingia saa moja asubuhi, na wakili wake atafurahi sana. Fungua mipangilio leo, uweke Nairobi, uwashe saa ijirekebishe na mtandao, na ukiwa hapo hapo weka masafa ya taa kuwa 50Hz ndio picha iache kupepesa chini ya balbu za korido. Halafu tembea mbele ya kila kamera na simu yako ikionyesha saa, urudi kwa habu, ulinganishe. Fundi bado hajalipwa balansi? Vizuri. Mlipe ukishamaliza hiyo.